Tangulieni, Nakuja

Mimi sina sababu ya kumsifia wifi yangu. Wifi ni wifi. Alipoolewa na mdogo wangu nilimkagua kuanzia kichwani hadi kisiginoni, nikamtafutia kasoro kwa bidii ya mtu anayechagua nyanya sokoni, na nilipozikosa ndiyo kwanza nikaudhika. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia yachukulieni kuwa ni ushahidi wa mtu ambaye ukweli umemlazimisha.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kina mashine mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, na ukutani kumetundikwa sare za shule zinazosubiri vifungo. Akishona huwa na pini mdomoni, na ukimsemesha wakati huo atakujibu kwa nyusi. Miaka mingi iliyopita aliniambia kwamba miguu inayokanyaga pedali wiki nzima bila kufika popote ina haki ya kudai Jumamosi yake. Ndipo akaanzisha Klabu ya Miguu. Jina hilo nililicheka. Niliuliza kama wenzetu wengine wanatembea kwa masikio.

Mdogo wangu yeye hakuwa mtu wa kutembea. Alilalamika kwangu kwamba kila Jumamosi mkewe anatoka asubuhi na kurudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, tena anaimba. Mke anayerudi nyumbani akiimba ni jambo la kuchunguzwa. Nikafunga saluni yangu siku hiyo, mimi ni msusi, nikaenda kupeleleza. Nilirudi na malengelenge kwenye visigino vyote viwili na taarifa fupi: mke wako anatembea. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena, nikijidai kwamba upelelezi haujakamilika. Huu ni mwaka wa sita sasa.

Klabu yenyewe ni ya watu wa kawaida. Tulikuwa tunakutana kwenye kituo cha mafuta mwisho wa mji, tunapanda gari la kukodi hadi vilimani, na huko tunatembea. Wifi alitangulia. Alivaa kofia ya buluu aliyojishonea, na filimbi shingoni, na kila mtu alimwita Kamanda. Yeye ndiye aliyesema sasa tunywe maji, sasa tupumzike, wewe kaza kamba ya kiatu, wewe mzigo wako umelala upande. Alikuwa sahihi kila mara, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Tulikuwa watu wazima wenye watoto na funguo za nyumba, lakini tukifika kwenye kijito tulimtazama Kamanda atuambie kama tuna kiu.

Kisha goti lake la kulia likaanza kulalamika kwenye miteremko. Alilificha. Akasema ni uchovu, akasema ni hali ya hewa, akasema ni kiatu. Daktari akasema ni goti, na litahitaji kupasuliwa, na baada ya hapo atembee tambarare tu, milima aisahau. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika guu, na hatukuwa na methali ya kutusaidia.

Jumamosi moja hakutokea. Goti lilikuwa limevimba. Tulisimama pale kituo cha mafuta na mikoba mgongoni, dereva amewasha gari. Mtu mmoja akasema twendeni basi. Sawa, nani atangulie? Hapo zikaanza heshima. Wewe tangulia. Aa, mimi siwezi, wewe ni mkubwa. Hapana, wewe ndiye unayeijua njia. Tulisukumiana heshima hiyo mpaka jua likatuchoma visogo, dereva akazima gari, na watu wakarudi nyumbani mmojammoja kama waliofiwa.

Nilipitia kwake kumpa habari. Alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, barafu imefungwa kwenye taulo. Nilidhani nampelekea sifa. Nikamwambia bila yeye tumeshindwa hata kuondoka, tumebaki pale kituoni kama mizigo. Badala ya kutabasamu, akalia. Sikuwahi kumwona wifi yangu akilia, hata siku ya harusi ambapo kulia kwa bibi harusi si aibu.

"Wifi," akasema, "hivi miaka yote hii nimefanya kazi gani? Nimewafundisha kunifuata, basi. Nikiondoka mimi, klabu inafia pale kwenye kituo cha mafuta."

Niligeuza taulo la barafu upande wa pili, nikaaga.

Tarehe ya kupasuliwa ilipangwa wiki mbili kabla ya safari kubwa ya mwaka, ile ya kupanda mlima wenyewe, ambao sisi huuita Mkubwa. Kila mwaka Kamanda aliwapeleka wanachama wapya huko. Aliapa kwamba mwaka huu pia wataenda, na watapelekwa na wengine. Akaita mkutano chumbani kwake, tukakaa juu ya marobota ya vitambaa, akatangaza anataka watu wa kujitolea kuongoza.

Wa kwanza kujitolea alikuwa fundi wa umeme, ambaye sote tunamwita Umeme, si kwa kazi yake tu bali kwa sababu anawaka haraka na hukatika bila taarifa. Alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Wa pili nilikuwa mimi, niliyejitolea kwa kusukumwa mgongoni na mtu ambaye hadi leo sijamjua. Wa tatu Kamanda alimchagua mwenyewe, na watu wakatazamana. Alikuwa yule dada wa duka la dawa tuliyemwita Kimya. Kazini sauti yake ya chini ilimfaa, kwa kuwa wateja hawapendi ugonjwa wao usikike foleni nzima, lakini mlimani? Umeme alininong'oneza kwamba huyu akiongoza itabidi tusome midomo. Nilicheka, na nilicheka kwa dhambi, maana kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Mafunzo yakaanza, na yakaanza vibaya. Kamanda alijiweka nyuma ya msafara, akamweka Umeme mbele. Mwili ulikuwa nyuma, ila sauti ilikuwa bado mbele. "Kushoto hapo! Waambie wanywe maji! Usiwakimbize!" Umeme akisema tupumzike, watu wote waligeuza shingo kumtazama Kamanda kule mkiani, na Kamanda akitikisa kichwa, hakuna aliyekaa. Kimya naye ilipofika zamu yake aligoma kabisa kutangulia. Alisema kwa ile sauti yake kwamba kumpita mtu mzima njiani na kumwonyesha mgongo si adabu, yeye hakulelewa hivyo. Ikabidi yeye na aliyemfuata waende sambamba kwenye njia ya mtu mmoja, mmoja kwenye njia, mwingine kwenye miiba. Mimi zamu yangu niliwapeleka watu nusu saa nzima kwenye njia ya ng'ombe, na Kamanda akaniacha makusudi, kisha akanisema mbele ya watu. Nilinuna hadi Jumatano.

Ndipo siku moja, chini ya kilima chenye njia panda tatu, akasimama, akakaa juu ya jiwe, akajifuta jasho, akasema, "Tangulieni, nakuja."

Ninyi mnaoijua lugha yetu mnayajua maneno hayo. Tangulieni, nakuja: hayo ni maneno ya mtu asiyekuja. Mimi mwenyewe nimeyatumia kukwepa vikao vya harusi visivyo na idadi. Mtu akikuambia tangulia nakuja, hata kiti humwekei. Lakini Kamanda si mtu, Kamanda ni Kamanda, na akisema anakuja, anakuja. Tukatangulia kwa adabu zetu zote hadi njia panda ya kwanza, tukasimama kumngojea.

Tulingoja. Umeme alisimulia hadithi zake zote, zikaisha, akaanza kuzirudia. Watu walikula mayai waliyoyabeba kwa ajili ya kileleni. Hakuna aliyethubutu kuchagua njia, kwa sababu mwenye kuchagua yuko njiani anakuja. Kivuli cha mti tuliokaa chini yake kilituhama, tukakifuata, kikatuhama tena. Mwishowe tukarudi chini na mioyo mikononi, tukidhani goti limemwangusha mahali. Tulimkuta kwa mlinzi wa msitu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai.

Yeye alitutazama kwa mshangao wa kweli. Alitarajia tuwe tumefika kileleni na kurudi. Sisi tulitarajia awe amevunjika. Kila upande ukaona umesalitiwa.

"Nimewaambia tangulieni," akasema.

"Umetuambia unakuja," Umeme akajibu.

"Kwani ninyi hamjawahi kuambiwa tangulia nakuja? Mlizaliwa jana?"

Watu wakaangalia chini. Mimi sikuangalia chini. Ulimi wangu hauna mfupa, na siku hiyo ulikuwa umekaa kwenye jua tangu asubuhi. Nikamwambia mbele ya wote, mbele ya mlinzi na birika lake, "Wifi, wewe hufundishi. Wewe unaagiza. Jana ulituagiza tukufuate, leo umetuagiza tutangulie. Umewahi lini kumuuliza mtu hapa anafikiri nini?"

Kwenye gari alikaa kwenye kiti cha mbele peke yake, na wiki nzima hakunipigia simu wala sikumpigia. Mdogo wangu akanijia saluni kuuliza nimemfanya nini mkewe, mbona anashona bila kuimba. Nilimwambia aende zake. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa kuwa nilimpenda, na nilikuwa nimegundua jambo hilo kwa kuchelewa na kwa njia mbaya.

Siku ya saba alikuja kusukwa. Alikaa tu kwenye kiti changu na kulegeza kitambaa kichwani, nami nikachukua kitana. Hiyo ndiyo raha ya kazi yangu: watu wawili waliogombana hawalazimiki kutazamana usoni. Nilikuwa nimefika msuko wa tatu aliposema, akitazama ukuta, "Basi tufanyeje? Wewe unaonaje?"

Mikono yangu ilisimama. Tangu tuwe mawifi hajawahi kuniuliza swali hilo, na kusema kweli nami sikuwahi kumuuliza. Nilihangaika kidogo kupata jibu, kwa sababu kulaumu ni rahisi, kuonaje ni kazi. Nikamwambia naona aache kumpa mtu njia, ampe uamuzi. Uamuzi mmoja mdogo kwanza: lini tunywe maji. Kisha mkubwa kidogo. Na mtu akikosea, wakae waulizane kwa nini, bila kumsema mbele za watu. Nikaongeza kwamba mimi nilinuna hadi Jumatano. Akasema alijua. Akasema na yeye alinuna. Tulicheka hadi nikaupoteza msuko, nikaanza upya.

Kuanzia Jumamosi hiyo wifi yangu akawa mtu wa swali moja. Kamanda, tupite wapi? Wewe unaonaje? Kamanda, mvua itanyesha? Wewe unaonaje? Kamanda, huyu mwenzetu amechubuka, tufanyeje? Wewe unaonaje? Lilikera, jamani. Lilikera kuliko filimbi. Umeme alisema afadhali zamani tulipofokewa, kufokewa hakuhitaji akili. Watu wakaanza kumwita Bi Unaonaje. Na mdogo wangu akanilalamikia upya: amerudi kazini na njaa, ameuliza chakula kiko wapi, mkewe amemwambia wewe unaonaje. Nikamwambia na mimi naona aingie jikoni.

Msidhani lilikuwa jambo rahisi kwake. Mwanamke aliyezoea kuamrisha haachi kwa siku moja. Nilimwona mara nyingi akitaka kusema na kujizuia kwa nguvu. Akatafuta dawa yake mwenyewe: akifika mahali pa uamuzi alichomoa mfukoni utepe wa kupimia nguo, akauma ncha yake, kama anavyouma pini akiwa kazini. Utepe ukiwa mdomoni, Kamanda hasemi. Sisi tukajifunza kuusoma. Ukimwona anauma utepe, jua hapa pana jambo, fungua macho.

Siku ya kijito ndiyo niliyoamini. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na kijito tunachokivuka kila mara kwa kuruka mawe kilikuwa kimejaa hadi mawe hayaonekani. Zamu ilikuwa ya Kimya. Umeme, ambaye tayari alikuwa amevua viatu, alisema maji si mengi. Kimya akachukua kijiti, akakidumbukiza, akakitazama kinavyotikiswa. Kamanda nyuma anauma utepe, macho yamemtoka. Kimya akageuka, akasema kitu. Hatukusikia. Akarudia, na sisi tukasogea, tukajikusanya kumzunguka kama watu wanaoota moto, ndipo tukasikia: hatuvuki, tunarudi, na tutapita kwa daraja la juu hata kama ni mbali.

Niligundua hapo kwamba hakuna aliyegeuza shingo kumtazama Kamanda. Huwezi kugeuka nyuma wakati unajitahidi kusikia mtu aliye mbele. Sauti tuliyoicheka ndiyo iliyotuvuta. Wifi yangu alitoa utepe mdomoni, ukiwa umeloa mate, akaupangusa kwenye suruali, akafuata msafara bila neno. Alikuwa anatabasamu, na mimi niliyekuwa karibu naye nilijifanya sijaona, kumwachia tabasamu lake.

Akapasuliwa. Ilienda salama, akarudishwa nyumbani na bandeji nene kama mto. Na Jumamosi ya Mkubwa ikafika.

Tulijipanga hivi: Kimya mbele, Umeme katikati, mimi mkia. Mkia ndiye anayehakikisha hakuna anayeachwa, na nitasema bila haya kwamba mkia ule nilikuwa nimeukamilisha. Najua nani anapumua kwa kinywa kwa sababu ya uvivu na nani kwa sababu ya shida. Kazi ya kusuka hunisaidia, maana nimezoea kumsoma mtu kwa kisogo.

Nyuma yangu hakuna mtu, mbele yangu mpishi wa hoteli, mwanachama mpya, mtu mnene mwenye moyo mkunjufu aliyeanza safari kwa vichekesho. Tulipopita nusu ya mlima vichekesho vilikwisha. Nilipaza sauti, Umeme akaipokea, ikafika mbele, na Kimya akasimamisha msafara. Ukungu ulikuwa unashuka. Mbele yetu palikuwa na njia mbili za kileleni: ya mwambani, fupi, ambayo Kamanda aliipita miaka yote, na ya nyasi, ndefu, inayozunguka bega la mlima. Mwamba ulikuwa umelowa.

Umeme akawaka. Alisema tupite mwambani, haraka, kabla ukungu haujafunga. "Kamanda hupita hapa kila mwaka. Sijawahi kumwona akipita kwingine."

Kimya alishuka hadi kwa mpishi, akachuchumaa mbele yake kama anavyofanya, nadhani, kwa wagonjwa waliokaa kwenye benchi la dukani kwake, akamuuliza, "Kaka, wewe unaonaje? Sema kweli, hapa hakuna mtihani."

Mpishi akasema miguu yake inatetemeka, mwamba haumtaki, ila kutembea bado anaweza, hata mbali, mradi asikimbizwe. Akasema angependa sana kufika. Amewaambia watoto wake atafika.

Kimya akasimama. Tukasogea, tukamzunguka.

"Tunapita kwenye nyasi," akasema. "Mpishi anakuja mbele, nyuma yangu. Mwendo ni wake. Ukungu ukifunga tusionane, tunakaa pale pale tulipo."

"Lakini Kamanda..." Umeme akaanza.

"Kamanda hayupo. Tupo sisi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Umeme akamtazama, nami nikajiandaa kwa mzozo, kisha nikamwona anainama, anachukua mkoba wa mpishi, anauvaa kifuani juu ya wake wa mgongoni. Nilimpenda Umeme siku ile, na nimemwambia.

Mwenda pole hajikwai. Tulizunguka bega lile kwa mwendo wa mpishi, ukungu ukija na kuondoka, na mara mbili tulikaa kwenye nyasi zilizolowa tukishikana mikono hadi tukaonana tena. Hakuna aliyelalamika. Umeme alipitisha maneno kati ya mbele na nyuma bila kuongeza chumvi, jambo ambalo sikuamini linawezekana. Na kisha ardhi ikaisha kupanda. Ndivyo nilivyojua. Nilikuwa natazama visigino vya mtu wa mbele yangu, na vikashuka kutoka usawa wa pua yangu hadi usawa wa visigino vyangu, nikainua uso, nikamwona mpishi amesimama juu ya Mkubwa, mikono hewani, analia kwa sauti. Tulipiga vigelegele hadi koo zikauma. Mawingu yalikuwa chini yetu. Nilijiona mkubwa siku ile, mimi msusi, mkia wa msafara, na sitaki kuomba radhi kwa hilo.

Tulishuka salama, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Kamanda, viatu vina matope. Mdogo wangu alitufungulia na uso wa mtu aliyeshinda kutwa na simba chumba kimoja. Akanivuta pembeni. Alisema tangu asubuhi mkewe hajala. Ameiweka simu juu ya kigoda, kando ya ule mguu, na haiachii jicho. Kila baada ya muda anamwamuru mumewe aipigie, ahakikishe kwamba inaita.

Wakati ananieleza hayo nilipapasa mfuko wangu. Simu zilikuwa mifukoni mwetu. Pale juu mtandao unashika kuliko sebuleni kwangu, na mpishi aliongea na watoto wake wote mmoja baada ya mwingine. Sisi tuliobaki hatukukumbuka hata kutuma salamu.

Tuliingia. Kamanda alitutazama viatu kwanza, kisha akatuhesabu kwa macho.

"Wote?" akauliza.

"Wote," Kimya akasema.

"Kileleni?"

"Kileleni."

"Mlipita mwambani."

"Hapana. Tulipita kwenye nyasi."

Kinywa kikafunguka. Nilikiona kikijaa maneno, njia ya nyasi hivi, njia ya nyasi vile, na nikaona kikifungwa tena polepole. Akameza mate. Akaitazama simu juu ya kigoda.

"Mbona hamkunipigia?"

Umeme akagundua doa kwenye dari. Mimi nikatafuta uongo wa heshima, na ninao mwingi, lakini Kimya hakulelewa hivyo.

"Samahani, Kamanda," akasema. "Tulikusahau."

Wifi yangu alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yakaanza kutikisika, nikajisogeza nimshike. Alipotoa mikono machozi yalikuwa yanatiririka hadi kidevuni, naye anacheka, anacheka kwa kicheko kilichomuumiza goti, maana alilishika huku akicheka.

"Rudia," akasema.

"Tulikusahau."

"Sikusikii, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Na yule dada wa duka la dawa, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo, akavuta pumzi akasema kwa nguvu hata majirani wakasikia, "Tulikusahau, Kamanda! Kutwa nzima!"

Wifi yangu akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaizima simu, akamkabidhi mdogo wangu.

"Baba, weka maji ya chai," akamwambia. "Sufuria kubwa. Nina viongozi nyumbani."